FIDIA YA KUUMIA KAZINI: TUNATAKA JIBU LILILOANDIKWA



Katika barua zinazoletwa na makatibu wa matawi, habari moja inarudi kila mwezi. Mtu ameumia kazini, amedai fidia, na sasa hajui kama amekubaliwa au amekataliwa. Tajiri amwambia, ngoja watu wa bima. Watu wa bima wasema, ngoja ripoti ya daktari. Daktari naye aliandika zamani. Miezi inapita, kisha mwaka. Mtu huyo hajaambiwa "hapana" hata siku moja, wala hajaona hata shilingi moja.

Sisi twasema huko ni kukataliwa. Tena ni kukataliwa kubaya kuliko kule kwa wazi, maana "hapana" iliyoandikwa waweza kuichukua ukaiweka mbele ya jaji, lakini kimya hakiingii katika bahasha. Matajiri wanalijua jambo hili vizuri sana. Wengi wetu hatulijui, na kwa ajili hiyo tumeandika habari hii kwa urefu kuliko kawaida yetu. Asiyeweza kuisoma asomewe wakati wa chai.

Sheria inayotuhusu ni ile ya Fidia ya Kuumia Kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi huiita WIBA. Ilianza kutumika Juni 2008. Kabla yake mtu aliyeumia alikuwa na njia mbili. Aliweza kudai malipo ya sheria ya zamani, Sura ya 236, au aliweza kumshitaki tajiri kortini kwa uzembe na kudai fidia ya maumivu na hasara. Sheria mpya, katika kifungu cha 16, ikaifunga njia ile ya pili. Yasema hakuna kesi ya kumdai tajiri kwa ajali au ugonjwa wa kazini isipokuwa kwa kufuata sheria yenyewe. Madai yaende kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, yasiende moja kwa moja kwa hakimu.

Hapo vita vikaanza, na havikuwa vita vyetu. Chama cha mawakili wa Kenya kilikwenda Mahakama Kuu, na mwezi wa Machi 2009 jaji akavitangua vifungu kadhaa, hicho cha 16 kikiwamo. Novemba 2017 Mahakama ya Rufani ikavirudisha karibu vyote. Tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikakubaliana na Mahakama ya Rufani, na maneno yakaisha. Zaidi ya miaka kumi ilikuwa imepita. Katika miaka hiyo maelfu ya watu waliendelea kupeleka kesi kwa mahakimu, wakiambiwa na mawakili wao kwamba njia ni hiyo, na mahakimu wakizisikiliza. Baada ya hukumu ya 2019 nyingi katika kesi hizo zikatupwa, ati hakimu hana mamlaka. Ikabidi Jaji Mkuu atoe maagizo katika mwaka 2023 kwamba kesi zilizofunguliwa kabla ya hukumu ile ziendelee pale pale zilipo mpaka mwisho. Agizo jema, lakini wako waliokuwa wamekwisha kutolewa nje ya mlango, na muda wa kudai kwa Mkurugenzi ulikuwa umewapita zamani. Tembo walipigana, na nyasi ni sisi.

Baadhi yenu mnasema afadhali turudi njia ya zamani. Hapa hatukubaliani nanyi, na tunasema wazi. Katika kesi ya uzembe ilikubidi uthibitishe kosa la tajiri: kwamba mashine haikuwa na kinga, kwamba ngazi ilikuwa mbovu, kwamba hukupewa glavu. Ukishindwa kuthibitisha, waenda nyumbani mikono mitupu, na mkono mmoja huna. Sheria ya 2007 haiulizi kosa ni la nani kwa namna hiyo. Inauliza kama uliumia katika kazi na kwa ajili ya kazi. Hilo ni jambo kubwa kwa mtu maskini asiye na shahidi ila mnyapara, na mnyapara anaogopa kibarua chake. Kwa hiyo hatulilii njia iliyofungwa. Tunachodai ni kwamba njia iliyobaki iwe njia kweli.

Tazameni sasa kwa nini Mahakama ya Juu ilikubali kifungu cha 16 kisimame. Mahakama haikusema kwamba mfanyakazi hana haki ya kufika mbele ya jaji. Ilisema atafika, ila kwa rufani, baada ya Mkurugenzi kuamua kwanza. Mlango huo uko katika vifungu vya 51 na 52. Yeyote asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi ana siku 60 za kuupinga kwa Mkurugenzi mwenyewe. Mkurugenzi ana siku 14 za kumjibu kwa maandishi na kueleza sababu zake. Baada ya kupokea jibu hilo, mtu ana siku 30 za kukata rufani katika Mahakama ya Viwanda, ambayo siku hizi ndiyo Mahakama ya Ajira na Leba. Kwa maneno mengine, sheria nzima iliponea katika mlango huo. Wakubwa walipoulizwa, "Mbona mmemfungia mfanyakazi korti?" walijibu, "Hatukufunga, mlango ule pale." Basi ikiwa mfanyakazi akiufikia mlango huo anakuta kitasa hakipo, jibu lao halina maana.

Na kitasa chenyewe ni karatasi. Bila uamuzi huna cha kupinga. Bila jibu la kupinga kwako, huna cha kukatia rufani. Kila hatua inangoja karatasi ya hatua iliyotangulia, na asiyetaka ufike kwa jaji hana haja ya kubishana nawe, atazuia karatasi tu.

Tutoe mfano wa mwanachama wetu mmoja. Hatutaji jina lake wala la kiwanda, kwa kuwa shauri halijakwisha. Yeye ni mtu wa mashine ya kukunja mabati, mshahara wake shilingi 24,000 kwa mwezi. Mashine ilimbana mkono wa kulia. Vidole havikukatika, lakini vitatu havikunji tena, hawezi hata kufunga kifungo cha shati. Siku ile ile alimwambia mnyapara. Mnyapara akampa panado na chai, akamwambia akae kivulini. Sheria yataka tajiri, akiisha kupata habari ya ajali, aipeleke kwa Mkurugenzi katika siku 7. Hakuna kilichopelekwa. Baada ya wiki tatu mwenzetu aliitwa ofisini, akaonyeshwa hati ya Kiingereza na shilingi 50,000 juu ya meza. Aliambiwa atie sahihi, mambo yaishe kama ndugu.

Hakutia. Alisema atakwenda kumwuliza mkewe kwanza, akatoka, akaja hapa ofisini kwetu. (Wengine waliotia sahihi hati kama hiyo wamekuja pia, lakini wamekuja kwa kuchelewa.)

Hesabu yake ni hii, na kila mmoja wenu ajifunze kuipiga. Kwa mtu aliyepata kilema cha kudumu, sheria inahesabu mishahara ya miezi 96, kisha inachukua sehemu katika mia kwa kadiri ya kilema, bila kupita kima cha juu wala kushuka chini ya kile cha chini alichoweka Waziri. Shilingi 24,000 mara 96 ni shilingi 2,304,000. Daktari wa hospitali ya Serikali aliandika 30 katika mia. Hiyo ni shilingi 691,200. Daktari aliyeletwa na kiwanda aliandika 10 katika mia. Hiyo ni shilingi 230,400. Kati ya kalamu ya daktari mmoja na kalamu ya mwingine pana shilingi 460,800, nayo ni kama mshahara wa mwaka mmoja na miezi saba. Na tajiri alitaka kumaliza kwa 50,000.

Jambo moja katika mfano huu wengi hawalifahamu. Kama kiungo kimekatika, sheria ina jedwali lake linalosema sehemu ngapi katika mia, na mabishano ni machache. Mabishano yako kwa mkono uliobaki mwilini lakini haufanyi kazi sawasawa, mgongo usioinama, jicho linaloona ukungu, mapafu ya mtu wa saruji, masikio ya mtu wa mashine. Hapo jedwali halitoshi, na kila kitu kinasimama juu ya maoni ya daktari. Kwa hiyo hao ndio hasa wanaohitaji jaji, na ndio hasa wanaochoshwa mpaka wanaacha.

Tajiri wa mwenzetu alikuja na hoja kwamba hakupata habari ya ajali. Hoja hii itakuja kwenu pia, jiwekeni tayari. Ni kweli kwamba haki ya fidia inaweza kupotea ajali isiporipotiwa katika miezi 12. Lakini sheria hiyo hiyo inasema kutoripoti hakumzuii mtu kama ikithibitishwa kwamba tajiri alijua kwa njia nyingine. Tulitafuta njia nyingine, tukazipata. Daftari la dawa la kiwanda lina jina lake na saa. Orodha ya zamu yaonyesha aliondolewa mashineni saa nne na mtu mwingine akawekwa. Mtu hawekwi mashineni katikati ya zamu bila sababu.

Na wako vibarua walioambiwa kwamba fidia ni ya watu wenye barua ya kuajiriwa tu. Huo ni uongo. Sheria yasema mfanyakazi ni mtu aliyeajiriwa kwa ujira au mshahara kwa mkataba, na Sheria ya Ajira ya 2007 inatambua mkataba wa mdomo kama wa maandishi.

Sasa tuje kwenye kimya chenyewe. Sheria imempa Mkurugenzi siku 14 za kujibu. Siku ya 15 ikifika bila jibu, je? Kifungu cha 52 hakisemi. Ukikisoma peke yake utadhani mtu akae tu kwa subira. Na msisahau kwamba haki ya kupinga si ya mfanyakazi peke yake. Kila asiyeridhika anaweza kupinga, na tajiri yumo. Akipinga katika siku zake 60, na jibu likakawia, yeye hana shida yoyote. Husema, "Shauri limepingwa, siwezi kulipa," na fedha zinabaki kwake. Kwa tajiri kuchelewa ni faida. Mfanyakazi anahesabu kodi ya nyumba na karo.

Lakini kifungu cha 52 hakiko peke yake duniani. Katiba ya 2010, kifungu cha 47, yampa kila mtu haki ya kutendewa na ofisi za Serikali kwa haraka, kwa sheria na kwa haki, na aliyeathiriwa na uamuzi wa ofisi ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kifungu cha 48 chaitaka Serikali ihakikishe watu wote wanafikia haki. Kisha Bunge likatunga Sheria ya Utendaji wa Haki Serikalini ya mwaka 2015, na ndani yake neno "kitendo" limeelezwa kwamba ni pamoja na kuacha kutenda. Someni tena hapo. Kukaa kimya kumehesabiwa kuwa kitendo. Na sheria hiyo inamruhusu mtu kwenda kwa jaji kwa sababu ya kucheleweshwa, ikiwa ofisi ina wajibu wa kutenda, muda wa kutenda umewekwa na sheria, na muda huo umepita bila jambo kutendwa. Siku 14 za kifungu cha 52 ni muda uliowekwa na sheria. Hatuoni jinsi ya kulikwepa hilo.

Kwa hiyo mtu akitwambia, "Huwezi kwenda kortini kwa kuwa hakuna uamuzi," tutamjibu kwamba kukosekana kwa uamuzi ndilo shitaka lenyewe. Hatuendi kumwomba jaji apime kidole. Twamwomba aamuru jibu litolewe, na jibu likitoka, liwe zuri au baya, siku 30 za rufani zinaanza na mlango unafunguka. Tajiri anaogopa jambo hili kuliko mgomo, maana mgomo una mwisho.

Matajiri wana hoja yao, na si haki kuificha. Wanasema wako wadanganyifu, watu waliofunga bendeji kwenye kidole kizima, na mawakili waliofungua kesi za ajali zisizotokea. Ni kweli wapo. Tumewaona, na wametuharibia jina. Lakini dawa ya mwongo ni kumwandikia, "Dai lako limekataliwa kwa sababu hii na hii," kisha aende kwa jaji aumbuke mbele ya watu. Kunyamaza hakumkamati mwongo. Mwongo hana kilema, ataondoka atafute kazi kwingine. Anayebaki kwenye benchi la kungojea ni yule aliyeumia kweli, kwa sababu hana pa kwenda.

Wanasema pia korti zitajaa. Zitajaa kwa nani? Kama uamuzi wa kwanza una sababu nzuri zilizoandikwa, wengi wataukubali, hata walio na uchungu. Mtu hukata rufani zaidi anapohisi hakusikilizwa.

Liko jambo jingine ambalo hatutalimaliza leo. Hata aliyeshinda hajawa salama. Sheria yasema tajiri au bima yake alipe katika siku 90 tangu kudaiwa na Mkurugenzi. Asipolipa, sheria haikueleza waziwazi uamuzi huo utakaziwa vipi, na majaji wenyewe wameliandika hilo katika hukumu zao. Baadhi ya majaji wa Mahakama ya Ajira na Leba walikubali kuupokea uamuzi wa Mkurugenzi na kuufanya amri ya korti, ili mali ya asiyelipa ikamatwe kama deni lolote. Wengine walisema kazi yao ni kusikiliza rufani tu. Haki isiwe kama karata, kwamba mtu apate au akose kwa kadiri ya jaji aliyemwangukia. Tunataka Bunge liandike ndani ya sheria yenyewe kwamba siku 90 zikipita bila malipo wala rufani, uamuzi uwe sawa na hukumu ya korti. Na tunataka liandike kwamba siku 14 zikipita bila jibu, mtu ahesabiwe amekataliwa, akate rufani mara moja. Ni mistari miwili. Wabunge wanaoomba kura katika mitaa yetu ya viwanda waulizwe juu ya mistari hiyo miwili, waziwazi, kila mmoja kwa jina lake.

Lakini hatutangoja Bunge. Kuanzia mwezi huu kila tawi liwe na daftari la ajali, na lisikae katika ofisi ya tajiri. Liandikwe jina, siku, saa, mashine, nani aliona, nani aliambiwa. Ajali iandikwe siku ile ile hata kama jeraha laonekana dogo, maana mgongo hauvimbi siku ya kwanza. Barua ya kumjulisha tajiri iandikwe nakala mbili, na ile ya pili igongwe muhuri au itiwe sahihi ya aliyeipokea. Akikataa kutia sahihi, andikeni kwamba alikataa, na shahidi atie yake. Miezi 12 ya kudai msiichezee. Hati yoyote ya fedha iliyoandikwa kwa lugha usiyoisoma, mwambie karani kwa adabu kwamba utaileta kesho, kisha uilete kwetu usiku.

Makatibu wa matawi walete majina ya wote waliodai tangu mwaka jana na hawajajibiwa, pamoja na nakala za barua na ripoti za madaktari, kabla ya mkutano wa mwisho wa mwezi. Tutawaandikia wahusika barua moja kwa kila jina, tukitaja siku zilizopita, na ambaye hatajibiwa tutampeleka kwa wakili wa Chama. Wale waliokwisha kupata jibu la kupinga kwao wasingoje mkutano huo hata kidogo. Siku 30 zao zinahesabiwa tangu siku walipolipokea, kwa hiyo bahasha yenye muhuri wa posta isitupwe, na waje nayo ofisini kesho asubuhi. Mlango utakuwa wazi tangu saa moja.